Mwalimu wa Pitekantropi

Kama ulifika Kasongo ukalala, ukaamuka, na hakuna mutu alikuita pitekantropi, basi rudi tena, haujafika bado. Kwetu ile neno iko sawa chumvi. Mama wa soko anamuitia mwenye kuchagua mihogo kwa kuivunjavunja. Dada anamuitia bwana yake mwenye kula ugali na kuondoka bila kusema asante. Mashofere wa malori wanaitana vile tangu mbali, mukono inje ya dirisha, na wanacheka. Siku moja nilisikia mutu anamuita mbuzi vile. Mbuzi alikasirika, mie mwenyewe niliona.

Maneno mengine yalikuja kwetu na Waarabu, mengine na mapadri, mengine na Wabeleji wenye bunduki. Hii ililetwa na mutu mmoja peke yake, mwenye chaki na ubao wa kupasuka: mwalimu wa historia. Mie sikusoma. Masomo na mie tuliachana mapema, kila mutu akashika njia yake, na sioni kama masomo walikuwaka wananililia. Lakini nilikuwa motari wake, wa kumubeba ku pikipiki, miaka mingi sana, na mutu mwenye kubebwa ku moto anasema mingi, juu hana kazi ingine ya kufanya. Ndiyo maana pitekantropi ninamujua kushinda wenye diplome.

Basi niwafasirie vile alinifasiria mie, ku kila mulima kati ya Kasongo na Kabambare. Zamani sana, mbele ya babu wa babu, mbele ata ya kodi, kulikuwa kiumbe kimoja. Paji la uso lilitokea inje sawa baraza ya nyumba. Kidevu, hakuna. Wazungu wakaokota mifupa yake mbali kule, ku kisiwa cha Java, wakamupa jina pitekantropi, maana yake mutu-nyani. Halafu wakaongeza ya pili: mwenye kusimama wima. Mwalimu alisemaka kama ile ya pili ndiyo jina lenyewe. Ile ya nyani walimupa wao. Kusimama, alijitafutia.

"Alisimama," alikuwaka ananipigia kelele mu sikio, sie wawili mu matope mpaka magoti. "Bila mutu kumusukuma. Weye unasukumwa kila asubuhi na bado umekaa."

Namuambia kama niliyekaa ni moto, si mie. Anasema ni kitu kimoja.

Hapa ndipo ugumu wake ulianza. Ile neno, aliruhusu yeye peke yake. Yeye aliweza kuita darasa nzima mapitekantropi, kuita direkteri, kuita mvua yenye ilinyesha siku ya kufua. Lakini mwanafunzi akimuita mwenzake vile, anapiga magoti. Mwalimu anamuuliza kama anajua anatukana nani. Kama yeye angelizaliwa mu pori bila moto, bila panga, bila mama wa kumuchekea, angelisimama? Mutoto anakubali kama hangelisimama. Basi anaomba radhi, si kwa mwenzake, kwa pitekantropi, kwa sauti, uso ku ukuta. Kuna wakubwa leo wanavaa mashati ya pasi na wana walinzi ku mulango, walishaomba radhi kwa mifupa ya Java.

Na kumbe mu kinywa chake ile neno ilikuwa na chumba cha pili, cha wageni wa heshima. Akiona mama mwenye alibeba mafuta ya ngazi, ya mawese, ku kichwa tangu Wamaza, na mutoto ku mugongo, na anacheka, Mwalimu anavua kofia, anasema polepole: "Uyu, pitekantropi kamili." Mama mmoja alitua mafuta chini, akavua ndala, akamufukuza mpaka ku musikiti. Mie nilimungojea na moto inaunguruma. Alipanda, akatengeneza tai yake, akasema: "Umeona nguvu? Nilisema nini?"

Sasa kitu chenye kilimukaba ku roho ni hiki. Alisemaka kila inchi yenye heshima iko na mutu wake wa zamani. Java iko na wake. Uchina iko na wake. Wadachi waliokota wao mu bonde fulani, na ile bonde leo dunia nzima inaijua, na haina ata soko. "Na Maniema?" ananiuliza. "Sie tulianguka toka mawinguni na mabati?" Alitaka mufupa mmoja. Mmoja tu, wa hapa, wenye kubeba jina la hapa: mutu wa Kabambare, mutu wa Wamaza, ata mutu wa Lusangi, ijapo watu wa Lusangi hawangelishikika tena kwa majivuno. Alitaka auone mbele ya magoti yake kumukatalia. Zaidi ya hiyo sikumusikia akiomba kitu, ata mushahara, na mushahara wa mwalimu ni kitu chenye watu wanaomba sawa mvua.

Basi habari ilienea. Mukulima akigonga mufupa na jembe, anatuma neno: muiteni Mwalimu. Na Mwalimu anakuja kunitafuta, amevaa tai, na brosi ya meno mu mufuko wa shati. Brosi haikuwa ya meno. Meno yake alisugua na kijiti. Brosi ilikuwa ya pitekantropi.

Barabara ya Kabambare ni nzuri sana, shida yake moja tu ni kama haiko. Kuna mashimo kule ukiingia asubuhi unatoka umeota ndevu. Nilishapita shimo moja nikakuta mule mutu anauza betri na vocha, biashara yake inaenda vizuri. Ndiyo mule tulizunguka, mimi na yeye, kuangalia mifupa. Tuliona taya la kiboko. Tuliona nyani, ngombe, mbwa wa padri. Tuliona jiwe. Tulipelekwa kuona mzee mmoja mwenye alikuwa angali muzima, watoto wake walitaka tu kuuliza.

Ku Wamaza walituambia ni kichwa cha mutu, kikubwa, chenye kutisha. Mwenye shamba alikusanya kijiji kizima, na kuku alishafungwa miguu, anangoja kisu. Mwalimu akainama, akapiga brosi, akageuza ile kitu upande huu na upande ule. Mimi niliangalia kuku. Nilimuomba Mungu kimya-kimya amupe Mwalimu uongo kidogo, ata wa kukopesha.

"Ni chungu," Mwalimu akasema. "Chungu cha kupasuka. Kilipikia mutu maharagi."

Kuku akafunguliwa. Tulimusikia nyuma ya nyumba anashukuru. Tulirudi Kasongo na njaa na ukweli, na ukweli haujazi tumbo ata ukitia pilipili.

Hii ndiyo niliyoshindwa kuelewa kwake. Ku mambo mengine yote alikuwa muongo wa furaha, alinishinda ata mie. Alisema aliwahi kufundisha darasa lenye wanafunzi walikaa mpaka ku matawi ya muti. Alisema alimukataza chui kuvuka uwanja wa masomo, na chui akazunguka. Lakini ku mufupa, ulimi wake uligeuka kuwa mizani. Mutu mwenye aliita direkteri na mvua pitekantropi, mufupa hakuwahi kuupa ile jina bure ata siku moja.

Vichwa vya watu wenye uhai, hiyo ilikuwa mambo ingine. Alikusalimia na mukono ku paji lako la uso, sawa mama mwenye kutafuta homa. Kinyozi wetu alimukataza kuingia, juu wateja walitoka na mashaka. Shefu mmoja wa kijiji, Mwalimu alimushika kichwa mbele ya wazee, akamuambia kama hii ni paji la zamani sana, la mbele ya watu wote. Shefu akafurahi, akampa jogoo. Alipokuja kufasiriwa, jogoo tulikuwa tumeshamumeza, na hatukupita tena ile njia.

Na dini? Mwalimu alikuwa mutu wa muji, kanzu nyeupe Ijumaa, safu ya kwanza. Shehe alichoka, akamuita, akamuambia mbele ya watu achague: Adamu ao pitekantropi. Mwalimu akajibu kwa adabu kabisa.

"Shehe, Adamu iko wako, mie sikumugusa. Mie ninaulizia tu habari za majirani."

Pasta naye alimuuliza, akapewa jirani yule yule. Na tukienda kwa wakristo wa mashamba, wakituwekea nyama ya nyani ya kukausha, yenye harufu ya kufufua mutu, Mwalimu anasukuma sahani. Mwenyeji anasema pole, tulisahau nyie Waislamu hamukuli. Mwalimu anasema hapana, ata dini ingeliruhusu: mutu hali shangazi yake. Kisha meza yote inaacha kula. Isipokuwa mie. Mie sikumujua ile shangazi.

Siku moja akafika kijana mwalimu kutoka Kindu, na telefone, na viatu vya kungaa. Akaambia Mwalimu, kwa heshima, kama ile neno ilishaondolewa. Wenye sayansi hawaisemi tena. Yule wa Java walimutia mu familia kubwa, na jina lake siku hizi ni Homo erectus. Pitekantropi ni jina la zamani, la vitabu vya kuchakaa.

Nilikuwa pale ninatengeneza cheni. Nilimuona Mwalimu anakaa ku ukingo wa baraza sawa mutu mwenye kuletewa habari ya kifo.

"Alikufa mbali na kwao," akasema. "Wakamuokota, wakamupa jina bila kumuuliza. Sasa wanamunyanganya. Na yeye hana mutu wa kumusemea."

Kijana akasema ni sayansi tu, Mwalimu. Mwalimu akamuambia kama jina la mutu haliondoki juu ofisi ilihama. Muji wote ukashika upande wake, si kwa akili, kwa mazoea. Mama wa soko walijaribu ile mupya, erektusi, wakatukanana nayo asubuhi moja. Haikukata. Ilianguka katikati sawa boga. Saa ya kula walisharudi ku pitekantropi, na amani ikarudi, maana yake kelele.

Halafu akazeeka. Masomo yakamuachilia na asante moja ya mudomo, na magoti yakaanza kumukatalia, vile alivyoogopa. Alitembea na fimbo. Kumupandisha ku moto ilikuwa sawa kupandisha gunia lenye kukufundisha namna ya kubeba gunia. Na mutu wa Maniema, hakuna. Hakuacha kuvaa tai.

Ndipo ikaja habari ya Lusangi.

Kule vijana wanachimba zahabu, mashimo marefu kiasi ukiangusha kofia mule unarithisha watoto kuingoja. Mwenye shimo wanamuita pedeje, na pedeje huyu alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu, mmoja wa wale walioomba radhi uso ku ukuta. Vijana wake walikuta mifupa: kichwa na miguu, chini, mu changarawe nyekundu.

Sasa kule iko desturi, na ata mutu mwenye hasali haivunji. Ukikuta mifupa ya mnyama, unatupa, unaendelea. Ukikuta mifupa ya mutu, chepeo zote za kuchimbia chini. Lazima mutu asimame, aseme: uyu ni wangu. Anakaa matanga, anapewa pole na wote, mwenye shimo wa kwanza, ndipo anazikwa, ndipo kazi inarudi. Akikosekana mwenye maiti, shimo linafungwa kabisa, juu zahabu inakimbia mahali penye mutu alitupwa. Na hakuna mutu alitaka kusema wangu, juu ukisema wangu, msiba wake unakuwa wako kweli, na wa watoto wako.

Pedeje alikuwa na akili. Mwalimu mwenyewe alimufundisha. Akafikiri: kuna mufupa wa namna ya tatu. Si mnyama wa kutupa, si mutu wa kulilia. Pitekantropi hana ndugu, hana matanga. Mwalimu apate mutu wake wa Lusangi, sie tupate shimo letu. Akatuma watu watuite mbio.

Tulipofika, kiti kiliwekwa, sukari ya chupa, ile soda, ilifunguliwa, na kuku mara hii alikuwa amekwisha kuiva. Nilipenda ile imani. Kichwa kilikuwa ku mufuko wa nailo, chekundu, na udongo ulikamatana nacho ngumu. Na paji la uso, jamani, lilitokea inje sawa baraza ya nyumba. Mwalimu akatupa fimbo. Akapiga magoti, yeye mwenye alikuwa hapigi tena ata mu musikiti, aliswali ku kiti. Akatoa brosi.

Alisugua polepole sana. Udongo ulianguka vipande vipande. Na baraza nayo ikaanguka: ilikuwa udongo tu. Chini yake paji likatoka laini, sawa langu, sawa lako. Kidevu kikatoka, kizuri. Mwalimu akahamia ku miguu, akasugua mufupa wa kifundo, na pale brosi ikafanya sauti ingine.

Chuma. Pete ya chuma, nene, kutu yake ilishaingia mu mufupa.

Kijana mmoja akasema labda pitekantropi alikuwa na kinga, baiskeli, na hii ni kipande yake. Hakuna mutu alicheka. Ata mie, mwenye kuchekaka ku vilio vya watu.

Juu wote tulijua. Njia ya zamani ya misafara ilipita kule. Watu walibebeshwa pembe za ndovu, wakafungwa, wakapelekwa upande wa Tanganyika, na mwenye kuanguka aliachwa. Kwetu hatuisemi ku meza. Ku meza moja Kasongo unaweza kukuta mujukuu wa mwenye kufunga na mujukuu wa mwenye kufungwa wanagawana samaki, na mara nyingi ni mutu mmoja huyo huyo, mukono wa kuume na mukono wa kushoto.

Pedeje akachuchumaa karibu na Mwalimu, akasema chini-chini: "Mwalimu wangu. Chuma tutakifukia. Udongo iko mingi. Weye sema tu ile neno lako, mara moja, sie wote tutashuhudia. Mutu wa Lusangi. Utakuwa umemupata."

Nilimuona Mwalimu akiitamani. Msiniambie hakuitamani, mie nilikuwa karibu. Midomo yake ilishaungana kwa kusema P. Maisha yake yote yalikuwa pale nyuma ya meno, yanasukumana sawa watu ku mulango wa lori. Vijana wameshika chepeo. Kuku anapoa.

"Ni mutu," akasema.

Pedeje akafunga macho kidogo. "Mutu wa nani, Mwalimu?"

Vijana wakaangalia viatu vyao, na wengi hawakuwa na viatu.

"Wangu."

"Mwalimu, usitufanyie muchezo. Ni ndugu yako namna gani?"

"Weye uko na mwingine wa kumupa? Andika mie."

Akafungua tai, akaiweka mu mufuko. Akavua viatu. Akakaa chini mu changarawe, akanyosha miguu yake mibovu mbele, vile mwenye kufiwa anakaa, na akatia mikono ku kichwa. Na sijui vile nitawaambia, lakini alilia. Hakulia kwa kuonyesha. Alilia sawa mutu mwenye kuambiwa leo.

Pedeje alisimama pale anatafuna hasira yake. Kisha desturi ikamushinda, akainama, akamupa mukono. "Pole, Mwalimu." Mwalimu akapokea. Wakafuatana wote, mmoja mmoja, watu wa Kabambare, watu wa Kivu, wakristo, waislamu, na mwenye kusema habari ya kinga alikuwa wa mwisho. Mie nilimupa pole pia, na ile siku sikuongeza neno. Muandike mahali.

Wakamuuliza tumuzike kwa dini gani, maana hakuna mwenye kujua alikuwa wa nani kwa Mungu. Mwalimu akasema mumulaze tu vile angelilazwa kama mama yake angelikuwa hapa. Lakini kwanza chuma kitoke. Kijana mwenye nyundo akasema kutu ilishakamata, mufupa utavunjika. Mwalimu akasema basi nenda polepole, hatuna haraka, yeye alingoja kushinda sie. Yule kijana alikata ile pete mpaka jua likapinduka, jasho linamudondoka ku mikono, na mufupa haukuvunjika. Ndipo tukamuzika.

Kurudi, Mwalimu hakuniambia kitu ku mulima ata mmoja. Tulipofika Kabambare tukasimama penye mama mmoja wa kuuza mikate, mwenye alimujua toka zamani. Alimuona hana tai, matope ku suruali, akaanza kumuchekea: leo je, Mwalimu, tumepata pitekantropi?

"Hapana, mama. Natoka kuzika ndugu yangu."

Mama akatua beseni. Akamupa pole ya mikono miwili. Akamuuliza vile tunaulizaka kwetu: "Alikuwa mukubwa wako, ao mudogo?"

Mwalimu alishuka, akakaa chini mu vumbi, akafikiri sana, sawa mwanafunzi mbele ya ubao.

"Mukubwa," akasema.

Mama akatingisha kichwa, akavuta kitenge chake, akakaa chini kando yake, akanyosha miguu. Wateja wakaja, wakamukuta vile, wakangoja.